Tiketi ya Wazi

"Mkanda wa mashine! Ule mrefu! Mreeefu!"

Foleni nzima ya duka la simu iligeuka. Treni ya kutoka Dar es Salaam ilikuwa imechelewa, na nusu ya Ifakara ilikuwa imemwagika barabara ya sokoni: akina mama na madebe ya mchele, Wasukuma na fimbo zao mabegani, wauza kambare waliokuwa wakifukuza nzi kwa matawi. Ndani ya duka mlikuwa na meza moja, simu nyekundu na saa ya ukutani. Nyuma ya meza aliketi Luciana wa Kibaoni, blauzi ya njano, nywele zimesukwa twende kilioni, macho ya mtu asiyedanganywa hata kwa sekunde.

"Kaka," alisema, "hiyo simu ina waya mpaka Dar. Usiwafikie kwa koo."

Watu walicheka. Kijana alifunika simu kwa kiganja. Shati lake la kijani lilikuwa limejaa pumba mpaka kwenye kola.

"Dada, hujui watu wa Dar. Ukiongea polepole wanajua huna hela."

"Na ukipiga kelele?"

"Wanajua huna hela, lakini wanakuogopa."

Luciana aliuma mdomo ili asicheke. Haikusaidia.

Huyo ndiye Marcelino, mzaliwa wa Malinyi, fundi wa mashine ya kukoboa mpunga. Kesho yake alirudi na namba iliyoandikwa kwenye kiganja. Luciana alizungusha, akasikiliza, akaweka chini.

"Namba hii haipo."

"Najua."

"Sasa umeileta ya nini?"

"Nilitaka kusikia ukiniambia."

Mapenzi yao yalianza kwa namba isiyokuwepo. Baadaye Luciana angelikumbuka jambo hilo usiku na mchana: kwamba mwanamume huyu alianza kwa uongo, ingawa ulikuwa uongo mtamu.

Mwaka haukupita, barua ya posa ikapokewa, mahari ikakubaliwa, ndoa ikapangwa wiki ya pili baada ya Pasaka. Ndipo redio ilipoanza kutangaza meli. Ilikuwa inaondoka Dar kila mwisho wa mwezi, inazunguka Unguja, Pemba na Tanga, kisha inarudi. Vyumba vya kulala, muziki, wali wa nazi. Luciana alikuwa amesikia sauti za watu wa pwani kila siku kupitia simu ile nyekundu. Bahari yenyewe hakuwahi kuiona.

"Fungate letu," alisema Marcelino, "ni majini. Wandamba wenzangu watasema nimerogwa, waseme."

Walimpigia wakala wa meli wakiwa pamoja, vichwa vimegusana kwenye simu moja. Mwanamke wa upande wa pili, aliyejitambulisha kwa jina la Ester, aliongea kama anayeimba.

"Kuna tiketi za aina mbili, wapenzi wangu. Ya kufungwa ni ya bei nafuu, lakini ukishaikata umekata. Usipotokea bandarini siku hiyo, meli na pesa vimeondoka. Ya wazi ni ghali. Hiyo unaweza kuahirisha au kuwahisha safari ndani ya mwaka, au ukarudishiwa pesa zako. Niandike ipi?"

"Ya kufungwa," alisema Luciana.

"Ya wazi," alisema Marcelino wakati uleule.

Walitazamana. Pua zao zilikuwa karibu kugusana, lakini Luciana aliona uso wa Marcelino umefungwa kama duka siku ya Jumapili.

"Ya wazi ya nini, Mase? Si harusi ina tarehe?"

"Kwa usalama tu."

"Usalama wa nani?"

"Mpenzi, mashine ni mashine. Inaweza kuharibika, tajiri akanikatalia likizo."

"Na wewe uliyelia mwezi mzima kwamba huna hela ya viatu vya harusi, leo unanunua tiketi ya ghali kwa ajili ya mashine ya mtu?"

"Jamani," Ester aliimba, "dakika zinakwenda."

Ikaandikwa ya wazi.

Jirani wa duka la simu alikuwa Eufrasia, msusi, mwanamke mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Luciana alimsimulia jambo hilo kichwa kikiwa kati ya magoti yake.

"Mwali," alisema Eufrasia, akivuta nywele kwa nguvu, "mwanamume anayekata tiketi ya kurudishiwa pesa ameshaona mlango wa kutokea. Mimi wangu alinunua kitanda cha kukunja. Yuko wapi leo?"

"Acha, dada Eufra. Mase si hivyo."

"Sawa, si hivyo. Ijumaa anakwenda wapi?"

Kila Ijumaa Marcelino alipanda gari la Malinyi, akavuka mto kwa pantoni, akarudi Jumapili jioni.

"Kwa mama yake. Ana homa homa."

"Homa ya kila Ijumaa?" Eufrasia alicheka puani. "Shemeji yangu anakata tiketi pale pantoni. Anasema fundi wako hubeba sabuni ya kunukia, mafuta ya kujipaka na khanga mpya. Mama wa Kindamba wa kulima mpunga, sabuni ya kunukia?"

Neno likishaingia sikioni halitoki kwa mlango lilioingilia. Jioni ile Luciana alipiga simu ofisi ya mashine.

"Hujambo, fundi."

"Lusi! Sijambo, asali wangu. Sauti yako imekauka, umekunywa maji?"

"Khanga ulizonunua ni za nani?"

Nyuma yake mashine ilikuwa ikinguruma.

"Za mama."

"Mama anaendeleaje?"

"Hajambo."

"Hajambo, lakini kila wiki unakwenda. Basi Ijumaa hii twende wote nikamsalimie mkwe wangu."

"Hapana," alisema Marcelino, haraka mno. "Siyo Ijumaa hii. Mto umejaa, Lusi. Baada ya harusi tutakwenda, utakaa naye mpaka mchoshane."

"Mto umejaa kwangu, kwako haujajaa?"

"Mpenzi, niamini tu."

"Nikuamini kwa tiketi ipi? Ya wazi au ya kufungwa?"

Akakata. Mkono wake ulibaki juu ya simu. Hapo ndipo alipojiapiza: kama kuna mwanamke Malinyi, pete inarudi, posa inarudi, na aibu yake ataibeba mwenyewe kuliko kuolewa na mtu aliyeacha mlango wazi.

Ijumaa alimwacha atangulie. Jumamosi asubuhi alivaa gauni lake la bluu la kanisani, viatu vya ngozi, hereni. Kama ni kugombana na mwanamke mwenzake, asikutwe kama mtumishi. Pantoni ilivuka mto polepole, maji ya kahawia yakisukuma visiki na magugu, ng'ombe wakilia kati ya magari. Mtu wa tiketi alimtazama kuanzia hereni mpaka viatu, akatabasamu kwa namna ambayo Luciana hakuipenda hata kidogo. Kumbe na huyu anajua!

Huko Malinyi aliuliza njia mara moja tu. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, nyuma yake mashamba ya mpunga mbichi. Alizunguka uani bila hodi.

Marcelino alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni, mikono imezama mapovuni. Alikuwa anafua khanga. Kwenye kamba zilianikwa nyingine, na gauni la kulalia la mwanamke. Sabuni ilinukia waridi uani kote.

Mwanamume anafua nguo za kulalia za mwanamke! Luciana hakuhitaji ushahidi mwingine.

"Unamfulia!" alipiga kelele. "Mimi hujawahi kunifulia hata leso!"

Marcelino aliruka, mapovu yakamrukia usoni. "Lusi! Nyamaza, tafadhali."

"Sinyamazi! Mwite atoke! Ndiye aliyekufanya ununue tiketi ya wazi, ili yakikushinda kwangu umrudie! Mwite nimwambie, wewe mwanamke uliye humo ndani, harusi yangu inangoja ruhusa yako mpaka lini?"

"Luciana, nakuomba kwa Mungu..."

"Nani huyo," sauti ilitoka dirishani, nyembamba, yenye kicheko kilichochoka, "anayegombana na dobi wangu?"

Luciana alijua sauti ile. Alikutana nayo mara moja, msimu wa mavuno, kwa mama yake Marcelino, mwanamke mnene aliyebeba gunia kichwani bila kulishika. Aliingia ndani. Kitandani alilala mtu aliyebaki nusu. Tumbo peke yake ndilo lililojaa. Chumba kilinukia waridi, na chini ya waridi, harufu ile ambayo sabuni ilinunuliwa kuificha.

Alipiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umependeza. Ulikuja kunipiga?"

"Mama, nisamehe. Sikujua."

"Hukujua kwa sababu hukuambiwa." Macho ya mgonjwa yalihamia mlangoni, alipokuwa amesimama Marcelino, mikono ikidondosha maji. "Hiyo tiketi ya wazi ni kitu gani?"

Watu wa bonde hilo hawamtaji mgonjwa na kifo katika sentensi moja. Ukimwandalia msiba mtu anayepumua, umeuita. Na akifa, jamaa watauliza nani aliyekuwa na haraka. Ndiyo maana daktari alipomwambia Marcelino amrudishe mama yake nyumbani, Marcelino alimeza maneno yale. Hakumwambia mama. Hakumwambia Luciana. Kwa Ester wa Dar, asiyemjua, aliomba tu tiketi ya wazi, wala hakutaja sababu.

"Nijibu," mama alisema. "Ni tiketi ya kungoja nini?"

"Mama..."

"Ya kungoja mimi nife. Ili nikifa siku za harusi, msipoteze meli ya fungate uliyonisimulia."

Marcelino alikaa chini palepale sakafuni na kulia kama mtoto. Luciana alitamani ardhi immeze na hereni zake. Yeye ndiye aliyelitoa uani, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani, jambo ambalo mwanamume huyu alilibeba peke yake kila Ijumaa.

Mama alinyoosha mkono mkavu, akamshika Luciana kidole.

"Usilie na wewe, mtanilowanisha. Mlidhani mimi sijui? Tumbo ni langu. Nilinyamaza kwa sababu yeye alinyamaza." Alipumzika, kisha akasema: "Niambieni jambo moja. Hiyo tiketi inaahirishwa tu, haiwahishwi?"

"Inawahishwa," Luciana alinong'ona.

"Basi mnangoja Pasaka ya nini? Kwaresima haijaingia, ndoa bado zinafungwa. Mwambieni padri nataka kuona gauni."

Jumatatu, duka la simu lilijaa kama kawaida. Padri alikuwa amekubali: ndoa ingefungwa Malinyi, Jumamosi ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu. Luciana alimzungushia Ester namba, Marcelino akiwa ameegemea meza, macho mekundu. Foleni ilinung'unika. Eufrasia alikuwa amesimama mlangoni, kitana mkononi, masikio yote mawili ndani.

"Inawezekana, wapenzi," Ester aliimba. "Naweza kuwaweka meli ya mwisho wa mwezi huu. Lakini kubadilisha ni mara moja tu. Nikishahamisha, imefungwa. Haitahama tena, wala hela hairudi. Nihamishe?"

Luciana alirudia maneno hayo kwa Marcelino. Kijana alijifuta uso kwa kola.

"Mwambie afunge," alisema. "Nimekuchezea vya kutosha, Lusi. Mama mwenyewe kasema twende. Wewe ulitaka ya kufungwa tangu mwanzo, na ulikuwa na haki. Funga."

Lilikuwa neno ambalo Luciana alikuwa amelitaka miezi yote ile. Sasa lilikuwa mbele yake, na kwa mawazo alimwona Marcelino akiwa Pemba, muziki unapigwa, naye anatazama bara aliko mama yake.

"Dada, upo?" Ester aliuliza.

"Nipo. Usihamishe."

"Lusi!"

"Iache wazi, dada Ester. Tunawahisha harusi. Meli ikae kwanza."

"Mpaka lini, mpenzi?"

Luciana alimtazama fundi wake, pumba kwenye nyusi.

"Mpaka mume wangu aseme," alijibu, akaweka simu chini taratibu. Halafu akaigeukia foleni. "Anayefuata!"