Sauti Aliyoifuta Prasojo

"Mdomo wa baba umeshafunga, ndiyo kwanza sauti inaanza! Hii ni harusi au katuni?"

"Dada, punguza moto. Ni kitu kidogo."

"Kidogo kwako! Nilipiga magoti mbele yake, akaninong'oneza, na mimi nalia hata nusu sikusikia. Nayataka yale maneno."

"Si yupo hapo mtaa wa pili? Nenda kamuulize alisema nini."

"Baba yangu harudii neno, kaka. Kasema siku ile tu, na wewe ndiye uliyenasa."

Jamani, ngoja nieleze vizuri. Pale mjini Klaten palikuwa na ofisi ndogo ya video, ya Prasojo na mkewe Lastri. Asubuhi mlango wazi, chai mezani, kompyuta inawaka. Maisha safi. Huyo aliyekuwa anafoka ni Wening, bibi harusi wa wiki iliyopita, kaja kuitazama video yake hapo ofisini. Kwenye harusi yake Prasojo aliweka kamera tatu, na kinasa sauti kidogo kifuani kwa baba mtu. Mwanzoni akapiga makofi mara moja, pa! Kamera zote na kinasa vikasikia, ili baadaye alinganishe picha na sauti. Ila watu walipokwenda kula, akazima kamera ya pili kutunza betri. Akaiwasha tena bila ile pa. Na hiyo ndiyo iliyokuwa ikimwelekea mzee usoni.

Kosa kama hilo linatengenezeka. Linataka mtu akae chini, atafute. Prasojo hakutaka kukaa. Ulikuwa msimu wa harusi, na Jumamosi kashika mbili kwa siku moja.

"Nitairekebisha, dada. Nenda kwa amani."

Wening akasafiri na mumewe kwenda Kalimantan, ng'ambo ya bahari. Alimwamini.

Ijumaa kompyuta ikajaa. Lastri akasema, "Usifute vya watu kabla hawajavichukua."

"Sawa, mama."

Lastri akatoka kwenda sokoni. Prasojo akajiambia, picha naziacha, hii sauti yenyewe haikai sawa, na mzee si mzima? Atamwambia tena. Akabonyeza. Usimcheke, ndugu msomaji. Na wewe una vyako ulivyobonyeza.

Mwezi uliofuata baba yake Wening akafariki kwenye tuta la shamba lake la mpunga, alikokaa kupumzika.

Wening alirudi kwa dua ya siku ya arobaini. Akaja ofisini, safari hii bila kelele.

"Kaka, nataka leo mama ayasikie yale maneno. Watu wakishakaa kwenye mikeka."

Prasojo akaanza kujikuna shingo. Lastri akampa mgeni chai, akavuta kiti, akaingia kwenye kazi mwenyewe.

"We mwanaume, ulikuwa unahangaika nini? Sikiliza. Maharusi walipopiga magoti tu, upatu mkubwa ulilia. Kamera zote tatu zimeusikia. Hiyo ndiyo pa yako!"

Akasogeza picha, mlio wa upatu juu ya mlio wa upatu. Dakika kumi tu. Kamera tatu zikaenda pamoja kama jicho moja. Wening akacheka, akajifuta macho.

"Na kwenye kinasa utakuwepo pia," Lastri akasema. "Haya mume wangu, lete sauti."

Prasojo akaanza kukusanya nyaya za mezani.

"Prasojo. Sauti iko wapi?"

"Nilifuta."

"Lini?"

"Ile Ijumaa."

"Nilipokwenda sokoni?"

Akatikisa kichwa kukubali. Kwenye kioo cha kompyuta mzee aliinama, akaweka mkono kichwani kwa bintiye, midomo ikacheza. Kamera zilikuwa mbali, zilinasa tu muziki wa gamelani, zile patu na ngoma za harusi. Kisha mdomo ukafunga.

FUNZO

Ukikabidhiwa kitu cha mtu, hujui thamani yake. Anayeijua ni mwenyewe. Kwako ni faili, kwake ni baba. Kwa hiyo usifute mpaka mwenyewe aseme futa. Na kazi ikikushinda, mwite mwenzako akuangalizie. Usiharakishe ya pili wakati ya kwanza imelala na ugonjwa. Dakika kumi za Lastri zilikuwepo tangu siku ya kwanza. Prasojo hakuziomba.

Wening hakutukana. Alimaliza chai yake, akaiweka glasi mezani polepole.

"Asante kwa picha, dada Lastri," akasema.

Prasojo akanyanyuka, akataka kusema neno. Wening akageuka, akavaa ndala zake mlangoni, akaenda.