Hita ya Sista Skola

Siku hiyo soko la Shinyanga lilikuwa limefurika hadi barabarani, na mvua ya Februari ilikuwa imeigeuza barabara yenyewe kuwa uji mweusi. Katikati ya uji huo, mbele ya wauza dagaa, kilikwama kigari cha kijani chenye milango miwili. Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, na siku zile gari lililokwama lilikuwa mali ya umma: kila mtu alikuwa na ushauri. Mmoja alisema lisukumwe, mwingine akasema wakaletwe ng'ombe, na mzee mmoja mwenye mwavuli akasema vigari vya namna ile ni vya lami tu, aliyelinunua amepunjwa.

Mwenye gari akashuka bila kumjibu mtu. Alikuwa msichana mrefu, mweusi wa kung'aa, katika sare ya uuguzi iliyopigwa pasi ikanyooka, na viatu vyeupe ambavyo baada ya hatua mbili havikuwa vyeupe tena. Akafungua buti, akatoa minyororo miwili mizito, akachuchumaa topeni na kuyavisha magurudumu ya mbele, moja baada ya jingine. Watu wakacheka. Akarudi ndani, akatia gia, na kigari kikatambaa mpaka pakavu. Kicheko kikakatika.

Alisimama kufungua minyororo ndipo akamkuta kijana mmoja kando yake, suruali yake ya bugaluu ya kahawia imekunjwa mpaka magotini.

"Dada, nilikuwa nakuja kukusukuma."

"Umechelewa."

"Naona. Lakini gari lako limefanya kosa gani hata likatiwa pingu?"

Msichana alijitahidi asicheke, akashindwa. Jina lake Scolastika, mkunga wa zahanati ndogo ya Maganzo, mzaliwa wa Ushirombo. Kijana alikuwa Nkwabi, fundi magari wa mtaa wa Ngokolo. Scolastika akamweleza kwamba gari lilikuwa la mkunga wa Kiswidi, Mama Birgit, aliyemwachia alipomaliza mkataba na kurudi kwao, na kwamba huko kwao barabara hufunikwa na theluji, ndiyo maana ya minyororo. Kisha akachukua kijembe cha plastiki cha kukwangulia barafu kiooni, akakwangua nacho tope la viatu vyake. Nkwabi alimtazama akifanya hivyo, na palepale, kwa maneno yake mwenyewe ya baadaye, roho yake ikawekwa rehani.

"Lilete karakana," akasema. "Limevaa nguo za baridi. Tulivishe za huku."

Alilileta Jumamosi. Nkwabi alikuwa na desturi ya kuandika kazi zote kwa chaki kwenye kioo cha mbele, kila iliyokwisha akaifuta. Ubishi ukaanza: kitangulie nini? Scolastika alitaka taa kubwa. Nkwabi alitaka bamba la chuma chini ya injini.

"Gari huvalishwa kuanzia tumboni, Sista. Kisiki kimoja cha Maganzo, na oili yote imekwisha. Taa zitakusaidia kuona unapokufia."

"Usiniite Sista. Mimi si mtawa."

"Nashukuru kulisikia hilo."

Wakakubaliana: kwanza bamba, pili springi za kuinua gari, tatu tairi za meno makubwa, taa mwisho. Minyororo ibaki butini. Kazi ya siku tatu ikachukua majuma matano, na si kwa sababu vipuri vilikosekana. Kila Jumamosi Scolastika alikuja, mara katika gauni la maua, mara katika kitenge kilichomkaa kiunoni hata mafundi wakagonga vidole vyao. Katikati ya juma alipiga simu ya duka la jirani, na mwenye duka, Bi Mwamvua, alitoka nje na kuita kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima: "Nkwabi, mgonjwa wako yuko kwenye simu!"

"Kigari kimekula?" Nkwabi huuliza.

"Kimekula. Kinauliza fundi wake amekula?"

"Mwambie fundi hashibi mpaka Jumamosi."

Bi Mwamvua alikuwa akisimama hapohapo akipanga sabuni ambazo zilikwisha kupangwa.

Jumamosi ya tano kazi ilikwisha. Nkwabi akamwambia Scolastika afumbe macho, akamkalisha kwenye usukani, akabonyeza kitu. Muziki wa dansi ukajaa ndani ya gari. Chini ya dashibodi, ndani ya kisanduku cha mninga alichokiranda mwenyewe, ilikaa redio ndogo inayong'aa. Scolastika alimshika mkono, mkono wenye grisi, akaushika kwa muda mrefu, kisha akaenda zake Maganzo akiimba njia nzima.

Kesho yake, akitoka kanisani, alipita kibandani kwa Eustace mchoma nyama. Mkaa wa Eustace ulikuwa unawaka kuliko siku zote, na foleni ilikuwa ndefu. Scolastika akachungulia. Chini ya jiko, kikiwa kimeungwa kwenye betri kuukuu, kilikuwa kisanduku cha bati chenye feni kikipuliza moto kwa bidii. Ubavuni kilikuwa na maandishi ya Kiswidi.

"Hita hii umeitoa wapi?" aliuliza.

Eustace akaeleza kwa fahari kwamba fundi mmoja wa Ngokolo alimpa, naye akampa redio. Scolastika akarudi garini, akainama chini ya dashibodi. Kisanduku cha mninga kilikuwa kimekaa mahali pa hita.

Jumatatu Bi Mwamvua aliita kama kawaida. Nkwabi akakimbia na tabasamu lake.

"Nkwabi, hita yangu iko wapi?"

"Ah, umegundua? Lile ni zigo tu, mpenzi. Shinyanga hii, nani anataka joto zaidi? Nilitaka kukufurahisha."

Scolastika alijibu kwa sauti ya chini.

"Masika ya mwaka jana nilimpeleka mtoto njiti hospitali ya mjini, juu ya lori, mvua inanyesha. Nilimfunika kwa kila nguo niliyokuwa nayo. Baridi ikamchukua magotini mwangu, tumekwisha kuziona taa za mji. Mama Birgit hakuniachia gari ili nitembee, Nkwabi. Aliniachia joto."

"Skola, sikujua."

"Hukuuliza. Ungeniuliza neno moja tu."

Simu ikakatwa. Siku ya tatu, lori la pamba likaleta karakana kifurushi cha gazeti. Ndani yake ilikuwa redio, bila barua.

Nkwabi alipiga simu zahanati mara nne, na mara zote aliambiwa Sista ana kazi. Chakula kikamshinda. Bi Mwamvua, ambaye alikuwa amesikia yote, alimwambia kwamba kosa lake si kutoa hita bali kumpenda mtu kama anavyopendwa ng'ombe, anayefikiriwa kila kitu na asiulizwe lolote. Maneno yale yalimkaa.

Akapanda lori na redio yake mpaka Maganzo. Eustace alikataa kuirudisha hita. Nyama yake sasa ilikuwa inaiva upesi kuliko ya mtu yeyote mpaka Mwadui, na sifa haibadilishwi kwa redio. Waliongea tangu asubuhi. Mwishowe Eustace alikubali redio pamoja na baiskeli, na Nkwabi, ambaye baiskeli ile ilikuwa miguu yake, akaahidi kuituma kwa lori la kesho.

Alifika zahanati na hita begani. Kigari kilikuwa uani. Boneti alikuwa anaweza kuifungua hata akiwa amefumba macho, na vifaa alikuwa navyo mfukoni. Mkono ukamwasha. Badala yake akatoa chaki, akaandika mistari miwili kwenye kioo cha mbele, akaenda kukaa barazani kusubiri.

Mawingu hayakusubiri naye. Mvua ikaanguka kwa kishindo, ikakiosha kioo. Nkwabi alikuwa amesimama kuitazama ikifuta maneno yake wakati mlango ulipofunguliwa, Scolastika akatokea na kitu kidogo kifuani, kimeviringishwa pamba na blanketi. Nyuma yake alikuja mama mtoto, Mbuke, akishikilia ukuta.

Scolastika alimwona fundi, akaiona hita miguuni pake.

"Ni njiti, amezaliwa wa miezi saba," alisema. "Lazima afike hospitali."

"Naomba ruhusa niifunge."

"Inachukua muda gani?"

"Robo saa. Nikishindwa tutaondoka hivyohivyo."

"Funga."

Alifunga huku maji yakimtiririka mgongoni, akaunganisha mipira miwili ya maji na nyaya mbili, kisha akayavisha magurudumu minyororo kwa jinsi alivyomwona yeye akifanya siku ile sokoni. Mbuke akalazwa nyuma. Scolastika akakaa mbele na mtoto, Nkwabi akashika usukani.

Barabara ilikuwa tope tupu, lakini minyororo iling'ata. Mara mbili kisiki kiligonga bamba chini kwa mlio mkubwa. Hita ilipuliza. Baada ya nusu saa shati la Nkwabi lililoloa mvua lilikauka, kisha likaloa tena kwa jasho. Alitaka kufungua dirisha kidogo, akamtazama Scolastika, akaacha. Kila walipopita daraja aliuliza, "Anapumua?" na kila mara Scolastika alijibu, "Anapumua. Endesha."

Walipofika, wauguzi walimpokea mtoto akiwa na joto, mwekundu, na amekasirika. Mbuke alimshika Nkwabi mkono na kumshukuru, "Wabeja," mara tatu, akapelekwa ndani na mwanawe.

Scolastika alirudi baada ya muda mrefu. Jua la alasiri lilikuwa limechomoza tena juu ya madimbwi. Nkwabi alikuwa bado garini, injini inanguruma, maana hakuthubutu kuizima kabla ya kusikia habari.

"Atapona," Scolastika alisema, akaingia na kufunga mlango. "Wamesema angechelewa au angepoa tusingekuwa na mtoto." Akafuta macho kwa kiganja. "Na mimi nilikosa. Nilikwambia habari za taa, nikaacha la maana."

"Mimi nilikosa zaidi."

"Wewe ulikosa zaidi, ndiyo." Kisha akanyoosha kidole kuelekea kioo cha mbele. "Niliyaona maandishi kutoka dirishani, nikiwa na Mbuke. Nikasema nikitoka nitayasoma. Nimekuta alama mbili za kuuliza tu. Yalisemaje?"

"Wa kwanza ulisema: Nimeleta hita, niirudishe?"

"Na wa pili?"

"Wa pili mvua imeusoma."

"Mvua haiwezi kukujibu, Nkwabi. Mimi naweza."

Nkwabi alishika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayepanda mlima. "Niliandika: Skola, ungependa niwe mume wako?"

Scolastika aliichezea pamba iliyobaki mapajani mwake. "Wazee wangu wako Ushirombo," alisema hatimaye. "Utakwenda kuwauliza na wao. Lakini mimi umeniuliza, na mimi nimekubali."

Wakakaa. Jasho lilikuwa linawatiririka wote wawili, sare imeshikamana na mgongo, na nje watu walipita wakikishangaa kigari kilichofungwa vioo katika jua la Shinyanga.

Nkwabi akapeleka mkono kwenye swichi ya hita, akausimamisha hapo.

"Nizime?"

"Bado," akasema Scolastika, akakilaza kichwa begani mwake. "Iache kidogo."