Mguu wa Fundi Cherehani

"Jirani, mbona siku hizi kwenu kunanuka mafuta ya cherehani mpaka barazani?"

Aliyeniuliza hivyo ni Nesi, jirani yetu wa ukuta mmoja. Nikacheka. Nyumba ya fundi ingenuka nini tena? Mume wangu, Mungu amrehemu, alishonea katika chumba cha mbele. Asubuhi, kabla sijamaliza sala zangu, cherehani yake ilikwisha kuanza. Hata leo nyumba ikiwa kimya, sauti ile hunijia.

Alikanyaga cherehani pekupeku. "Kiatu hakijui mwendo wa uzi," alisema. Sakafuni pini hazikukosekana. Naye alikuwa na kisukari, na kisukari kilikwisha kuua hisia za miguu yake. Pini ikamchoma, asijue. Kidonda kilipotokea, akakipaka mafuta ya cherehani.

"Yanalainisha chuma, sembuse nyama!" alijisifu.

Nilipomweleza Nesi hayo, hakucheka. Aliingia, akainama, akaushika mguu wa mume wangu.

"Fundi, unasikia nikikugusa hapa?"

"Hapa wapi?"

"Kidole kimekuwa cheusi, na mguu ni wa baridi. Damu haifiki. Twende hospitali leo hii."

Shemeji yangu, kaka yake mume wangu, alikuwapo. Yeye ni seremala.

"Hospitali? Watakata tu! Mdogo wangu, ngoja nikuchongee magongo mapema."

"Chonga, kaka," mume wangu akasema. "Lakini mguu huu ukienda, na cherehani imekwenda." Akanitazama. Sikuwahi kuyaona macho yake yakiogopa vile.

"Wengi wanaokatwa ni waliochelewa," Nesi akasema. "Si kila mguu huokoka. Lakini tusiuzike kabla daktari hajauona."

Tukaenda. Daktari wa upasuaji akapima jinsi damu inavyotembea mguuni.

"Mshipa wa damu umeziba," akatueleza. "Mishipa mingine tunaipanua kwa ndani, kwa kijiputo chembamba tunachokijaza humo. Wako umeziba sehemu ndefu. Tutachukua mshipa mwingine pajani mwako, tuushone juu na chini ya palipoziba. Damu itapita pembeni, kama gari likikuta barabara imefungwa."

Mume wangu akajiinua kitandani. "Mtashona mshipa? Kwa uzi gani?"

"Mwembamba kuliko unywele."

"Kumbe ni fundi mwenzangu! Haya, nishone."

Walimshona. Wakaondoa nyama iliyooza, na kile kidole kimoja kilichokufa. Mguu ukabaki. Niliushika mwenyewe, una joto. Nikalia, nikamshukuru Mungu.

Nyumbani Nesi alitufundisha. Kila jioni nilitazama nyayo za mume wangu na katikati ya vidole, nikaosha, nikakausha vizuri. Dawa za kisukari hakuacha. Pini nilizikusanya kwa sumaku. Tukiona hata mchubuko, ni zahanati, si mafuta. Na viatu akavaa, japo kwa manung'uniko.

"Nakanyaga kama askari wa gwaride!"

"Kanyaga hivyohivyo, baba," nilimjibu.

Tangu siku ile Shemeji alikuwa kwenye kazi ya mbali, hakujua kama mguu umeokoka. Aliporudi, alikuja moja kwa moja kwetu, magongo begani. Alikuwa ameyapiga msasa mpaka yakang'aa. Akafika mlangoni, akasimama. Cherehani ilikuwa inakwenda. Akautazama ule mguu ndani ya kiatu, unapanda, unashuka.

"Mdogo wangu," alisema.

"Karibu, kaka. Hayo magongo yatafaa kutundikia nguo za wateja."

Shemeji akayaegemeza ukutani taratibu. Akajifuta macho kwa kiganja, akageuka, akatoka.