Saa Mkononi mwa Cheche

Jumatano haikuwa siku ya Cheche kukimbia. Kama kawaida, alitoka darasani, akavua viatu vya shule, akavaa ndala na kwenda kuketi kwenye benchi kando ya uwanja. Mwalimu wa michezo alikuwa na utaratibu wake: mkimbiaji aliye kwenye mapumziko hakimbii, ila hushika saa na kuwapimia muda wenzake. Kwa njia hiyo, alisema, miguu inapumzika na mtoto hakai bure.

Miguu ya msichana huyo ilipumzika kweli. Kichwa chake ndicho kilichokosa hata kiti. Kila mwenzake alipomaliza mzunguko, Cheche aliitazama saa na kuwaza: huyu ananikaribia, yule ameshanipita. Akirudi nyumbani alijinyoosha kitandani, miguu juu ya mto kama alivyoelekezwa, akaanza kukimbia upya mbio za kupokezana vijiti za mwaka uliopita, zile ambazo ndani yake alikiangusha kijiti mbele ya shule nzima. Katika mawazo yake kilianguka kila mara.

Jumatano hiyo, akiwa ameketi tu na saa mkononi, moyo ulianza kumdunda. Ulidunda mpaka akausikia masikioni. Vidole vilimfa ganzi na pumzi ikawa fupi. Cheche aliogopa kweli kweli, kwa sababu mama yake mdogo ana ugonjwa wa moyo na hawezi tena kubeba hata ndoo ya maji. Nao ulimwanza vivyo hivyo, ameketi zake, hana hili wala lile.

Angemwambia nani? Akimwambia mama, mama atamwambia mwalimu, na mwalimu atamwondoa kwenye timu. Akinyamaza, huenda akafa. Akanyamaza. Tangu hapo hofu ikawa ndiyo kazi yake. Darasani aliweka vidole kwenye kifundo cha mkono chini ya dawati na kuhesabu mapigo, na kadiri alivyohesabu ndivyo yalivyozidi kwenda mbio. Mwalimu wa hesabu alipomwita ubaoni, alishtuka kama mwizi aliyemulikwa tochi. Wenzake wakacheka, naye akajichekesha pamoja nao huku jasho likimtiririka mgongoni.

Siku ya mazoezi, rafiki yake Twiga, msichana mwenye miguu mirefu kuliko subira, alikuja mbio na kijiti mkononi. Cheche alitakiwa aanze kukimbia huku amenyoosha mkono nyuma. Hakuinua hata kisigino. Twiga akamvaa mzima mzima, wote wawili wakabingirika vumbini.

"Wewe, umelala umesimama?" Twiga aliuliza huku akijipangusa goti. Kisha akauona uso wa mwenzake, na mzaha ukamwisha.

Cheche alimnong'oneza kila kitu, akamsihi asimwambie mtu.

"Siri zako zote nimezitunza," Twiga alisema. "Hii siiwezi. Ukifa nitamwambia nini mama yako?" Akaenda moja kwa moja kwa mwalimu.

Mama, ambaye ni fundi cherehani, alifika tepu ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni. Wakaongozana na mwalimu hadi zahanati, Cheche katikati, roho juu. Daktari alikuwa mama wa makamo asiye na haraka. Aliusikiliza moyo mbele, akausikiliza mgongoni, akampandisha na kumshusha ngazi, akausikiliza tena. Cheche aliikodolea macho midomo yake akingoja hukumu.

Daktari alisema moyo ulikuwa mzima kabisa. Cheche hakuamini. Mbona basi unakwenda mbio akiwa ameketi? Daktari akamuuliza anafanyaje siku za mapumziko, naye akaeleza habari za benchi na saa. Hapo daktari akamwomba mwalimu saa iliyokuwa kifuani pake, akaitia mkononi mwa Cheche, kisha akamshika kifundo cha mkono.

"Mpimie muda mwalimu wako mpaka getini," alisema. "Mwalimu, kimbia."

Mwalimu alikimbia na kitambi chake, tai ikipepea begani. Siku nyingine Cheche angecheka mpaka alie. Sasa alibana meno, akakaza macho kwenye saa, na daktari akayasikia mapigo yakiruka chini ya vidole vyake.

"Umeona, mwanangu? Kiti umekikalia, lakini unashindana. Hofu hii si ugonjwa wa moyo, ni kichwa kilichochoka. Ikikurudia, mwambie mama siku hiyo hiyo, mje. Usikae nayo peke yako."

Mwalimu alirudi akihema. Aliposimuliwa, aliinamisha uso, akasema kosa lilikuwa lake. Kuanzia wiki hiyo, aliye kwenye mapumziko hakuruhusiwa kusogea uwanjani.

Jumatano ya kwanza bila saa ilikuwa mateso. Katika karakana ya mama, Cheche hakujua aweke wapi mikono. Moyo ulidunda tena, naye akapiga moyo konde na kusema, "Mama, naogopa." Mama alisimamisha cherehani, akasogeza kiti, wakakaa bega kwa bega wakichambua vipande vya vitambaa, vyekundu huku, vya buluu kule, mama akiimba vibaya kama kawaida yake. Hofu haikuondoka kwa kufukuzwa. Ilipungua taratibu, wiki baada ya wiki, na siku moja uwanjani kijiti kikatua mkononi mwake, naye akakimbia nacho hadi mwisho.

Jumatano iliyofuata mwalimu alipita karakanani akiwa na furaha ya kutoa habari za muda mpya wa Cheche. Mama akaweka kidole mdomoni. Juu ya lundo la vitambaa, msichana alikuwa amejilaza, macho kayafumba.

Mwalimu alishusha sauti. "Miaka yote hii nimekuwa nikipumzisha miguu tu," alisema. "Kumbe mwili hauwezi kupona uchovu wa mazoezi kama akili bado iko mbioni. Mtoto apumzike mzima, au hajapumzika."

Cheche alikuwa macho. Alisikia kila neno, na alijua kwamba angeuliza tu, angetajiwa muda wake. Akageukia upande wa pili, akalala.