Maji Hayapandi Kilima

Friji la ofisi ya shirika la mtaa lilikuwa wazi na tupu. Damu ya watoto wa mtaa mzima, iliyohifadhiwa humo kwenye vichupa vyenye vifuniko vya zambarau, haikuwemo.

Inspekta alichuchumaa mbele yake, magoti yakalia. Alikuwa mtu mnene, mdomo mwepesi, na asubuhi hiyo hakuwa amekunywa chai.

"Nani aligundua?"

"Mimi, afande," alisema mlinzi wa ofisi. "Nilipokuja kufagia."

"Na usiku ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa."

"Ulilala?"

Mlinzi alitazama viatu vyake. "Nilipumzisha macho kidogo."

"Naona yamepumzika vizuri. Ufunguo nani anao?"

"Unakaa pale juu ya mlango. Kila mtu anajua. Ofisi ni ya watu, afande."

Koplo, dada mwembamba aliyekuwa akinyunyiza unga wa kuchukulia alama za vidole, alishusha brashi akakata tamaa. Mlango ule ulikuwa umeshikwa na mtaa mzima.

Kesi yenyewe ilikuwa inajulikana. Chini ya kilima palikuwa na kiwanda cha betri za magari, na mfereji wake ulipita nyuma ya nyumba za mtaa wa chini. Watoto walikuwa wakiumwa matumbo. Waliokwisha kujua kusoma walisahau herufi, na waliokwisha kutembea walirudi kutambaa. Shirika dogo la mtaa, lililoanzia sebuleni kwa muuguzi mstaafu waliyemwita Bibi Nesi, lilikuwa limekiburuta kiwanda mahakamani. Hakimu alitaka vipimo vya damu kuonyesha sumu ya risasi, yale madini yaliyo ndani ya betri. Gari la maabara lilikuwa linakuja saa nane mchana kuvichukua vichupa, na kesho yake kesi ingesikilizwa kwa mara ya mwisho. Bila damu, watoto wale wangebaki bila tiba na bila fidia.

"Ni kiwanda, afande," Koplo alinong'ona. "Nani mwingine?"

Inspekta alikuwa akipapasa sehemu ya kugandishia barafu. Trei zote zilikuwa tupu. Na kwenye kabati, pale palipokuwa na alama ya vumbi ya mraba, palikuwa pamekosekana kisanduku cha kubebea chanjo.

"Koplo, wewe ungekuwa kiwanda, ungeiba damu ukaipoza?"

"Ningeimwaga."

"Umeona. Mwizi huyu anailea."

Alitoka nje kuvuta hewa, akasimama ghafla mlangoni. Akina mama walikuwa wamejaa uani, kila mmoja na mtoto mapajani. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyelia. Mwanamke mmoja aliyebeba watoto wawili wanaofanana, mmoja mgongoni na mmoja kifuani, alimsogelea.

"Kitambulisho kwanza, afande."

"Nini?"

"Kabla hujatuuliza maswali. Tunataka kukujua."

Kwa miaka yote ya kazi yake, watu wa mitaa ya namna ile walikuwa wakimwona wanapotea vichochoroni. Inspekta alijikuta akitoa kitambulisho. Mama Pacha, kama mtaa ulivyomwita, alikisoma polepole kwa kidole, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Nani kawafundisha haya?"

"Bibi Nesi. Mimi zamani nilikuwa naogopa hata karani wa zahanati. Sasa nimesimama mbele ya hakimu mara tatu, na sikutetemeka." Alifikiri kidogo. "Mara ya kwanza nilitetemeka."

Inspekta alirudi ndani. Hakuwa mtu wa kuguswa hovyo, lakini aliguswa.

Ndipo alipoutazama ukuta. Mtaa mzima ulikuwa umechorwa hapo, nyumba kwa nyumba, kutoka kiwandani hadi kileleni. Kila mama mwenye mtoto mgonjwa alikuwa amechovya kidole gumba katika rangi nyekundu akabandika alama kwenye nyumba yake. Hapakuwa na ripoti ya mtaalamu iliyowahi kumnyamazisha kama vidole vile. Alivitazama muda mrefu. Kisha akasogea karibu zaidi, akakunja uso.

Mtaa wa chini, kwenye mfereji, palikuwa na vidole vichache. Mtaa wa juu ulikuwa mwekundu tupu.

"Koplo, maji yanapanda kilima?"

"Hayapandi, afande."

"Basi huko juu kuna nini?"

"Vijana wa betri. Wanapasua betri kuukuu na kuyeyusha risasi uani kwao. Ni mradi mzuri sana, ulizungumzwa hadi redioni. Shirika hili hili ndilo lililowapa mtaji na vifaa."

Inspekta aliketi. Mtu akitafuta nyoka kwenye majani, hatazami chini ya kitanda chake. Mtaa ulikuwa umeutazama ukuta ule kila siku ukakiona kiwanda, kwa sababu kiwanda ndicho ulichokuwa ukikitafuta.

"Twende tukanywe soda," alisema.

Duka lilikuwa mkabala na ofisi, na friji lake ndilo pekee lililobaki mtaani.

"Soda mbili baridi, mzee."

"Za baridi hakuna leo. Friji bovu." Mwenye duka hakumtazama machoni.

Friji lilikuwa likinguruma kama paka aliyeshiba.

"Ni bovu lakini halijajua bado," alisema Inspekta. "Fungua."

"Afande, ni dawa tu za watu. Bibi Nesi alinikabidhi alfajiri. Akaniambia yeyote asiguse, hata mke wangu."

Nyuma ya kreti kilikuwepo kisanduku cha chanjo, kimezungushiwa kanga ili kisitikisike. Vichupa vilikuwa ndani vimesimama, hakuna hata kimoja kilichoguswa na joto. Inspekta alimtuma Koplo amwite Bibi Nesi. Bibi alikuja bila kukokotwa, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, akavuta kigoda akaketi kabla hajaambiwa.

"Unajua nimekuitia nini, mama?"

"Najua. Umechelewa kuliko nilivyodhani."

"Uligundua lini kuhusu mtaa wa juu?"

"Jana. Tulikuwa tunabandika vidole vya mwisho. Mama mmoja hakuwa na nafasi ya kuweka chake, nyumba za juu zimejaa. Nikauliza moyoni, mbona zimejaa?"

"Moshi."

"Moshi, mwanangu, na vumbi kwenye nguo za baba zao. Ule mradi niliuomba mimi. Nilipiga picha na wale vijana. Nilisema, hawa hawataiba tena, wana kazi. Nikawapa sumu wakaipeleke nyumbani kwa watoto wao."

"Ukaogopa aibu."

"Aibu yangu ningeimeza." Sauti yake ilipasuka. "Wanawake wale walikuwa hawainui macho. Leo wanamhoji polisi! Nikasema, maabara ikionyesha sumu imezidi kule juu, wakajua kwamba mikono iliyowainua ndiyo iliyowatia watoto sumu, hawatamwamini tena mtu yeyote. Watarudi kukaa kimya. Na kiwanda kitacheka."

"Kwa nini hukuimwaga damu, basi?"

Bibi Nesi alifunika macho. "Nilienda hadi chooni. Nikafungua kichupa kimoja. Nikamkumbuka mama wa mtoto yule alivyomshikilia nikimchoma sindano, analia yeye kuliko mtoto. Damu ya mtoto wa mtu umekabidhiwa, unaimwagaje? Nilishindwa, nikakifunga."

Inspekta alitazama kando. Alikuwa amesikia maungamo mengi, ya wauaji na ya matapeli, na haya peke yake yalimfanya avue kofia.

"Itabidi nikukamate. Ni kuficha ushahidi."

"Nikamate. Lakini niwaambie mimi kwanza, kabla ya maabara."

Aliwaambia uani, kwa sauti ya kawaida, bila kujitetea. Vijana wa betri, walioitwa nao, walikuwa wamesimama ukutani, mmoja wao ameshika kichwa. Koplo alisogeza mkono kiunoni, akijiandaa kwa fujo.

Mama Pacha aliinuka. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Aliwageukia wale vijana, na mume wake alikuwa miongoni mwao.

"Risasi mnayoyeyusha mnamuuzia nani?"

"Kiwanda," alijibu mumewe, akiangalia chini.

"Kwa nini wasiyeyushe wenyewe?"

"Walikatazwa moshi. Wakasema sisi tuyeyushe majumbani, huko hakuna mkaguzi."

Mnong'ono ulipita uani. Mama Pacha akamgeukia Bibi Nesi.

"Ulipaswa kutuambia jana," alisema. "Ulitufundisha kusimama, halafu ukadhani tutaanguka."

Kisha alimwendea Inspekta. "Damu iende maabara. Na uandike maelezo yangu sasa hivi, niyasikie yakisomwa."

Inspekta alitoa karatasi. "Unamlalamikia nani?"

"Kiwanda, kwa kutuhamishia moshi wao."

"Ndiyo," alisema Inspekta akiandika.

"Na shirika letu, kwa kuuleta mradi bila kuuliza."

Inspekta aliinua macho. "Mama, shirika ndilo hao waliokaa hapo. Na wewe umo."

"Najua. Niandike na mimi."

Nyuma yake mama mwingine alisimama. "Na mimi." Kisha mwingine. Mume wa Mama Pacha alijitenga na ukuta akaja kujipanga mwisho wa foleni, akavua kofia.

Inspekta aliandika jina la Mama Pacha mara mbili, mahali pa mlalamikaji na mahali pa mlalamikiwa, akamsomea maelezo taratibu mpaka akaridhika. Kisha akamwita anayefuata.