Diski Iliyojaa Mabaki

Mume na mke walikuwa na duka la kuhamishia kanda za kaseti kwenye kompyuta. Kompyuta yao ilitumia mfumo wa Linux. Kila wakifunga duka, mume aliizima kwa kuchomoa waya ukutani. "Kuzima ni kuzima tu," alisema, na mkewe akachoka kubishana naye.

Siku moja mke alileta kanda ya marehemu mama yake. Humo mama alikuwa akiwausia binti zake wawili. Utepe ulikuwa mkuukuu. Waliuweka uhamishwe kwenye kompyuta, wakaenda kunywa chai. Waliporudi, kompyuta ilikuwa imegoma katikati ya kazi: diski imejaa. Kurudisha utepe nyuma ili waanze upya, ukakatika vipandevipande.

Kesho yake alikuja mdogo wake mke, yule binti wa pili, fundi kompyuta. Akafungua folda iitwayo tmp.

"Shemeji, mbona umejaza takataka huku?"

"Mimi? Sijaweka kitu!"

"Programu ndizo huweka. Zikifanya kazi huandika mafaili ya muda hapa, zikimaliza huyafuta. Ukichomoa waya, zitafuta saa ngapi? Mabaki yanabaki kwenye diski."

"Sasa tufanyeje?" dada yake akauliza, macho mekundu.

"Tuihamishie folda hii kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Mashine ikizimwa, yaliyomo yanafutika yenyewe. RAM ina kasi kuliko diski, na diski haitachakaa haraka kwa kuandikwa-andikwa. Nitaiwekea kikomo, isije ikameza RAM yote. Ila msihifadhi humo kitu cha maana. Kazi iliyokamilika iwekeni kwenye diski. Na wewe shemeji, mashine izimwe kwa utaratibu!"

Akayafuta mabaki, akaandika mstari mmoja kwenye mipangilio, akaiwasha mashine upya. Siku hiyo walihamisha kanda za wateja bila kukwama. Mume alifurahi, kisha akaona haya kufurahi. Majuto ni mjukuu, na wake alikuwa amekwisha kufika.

Walipomaliza, walisikiliza kipande cha usia wa mama kilichowahi kuingia kwenye diski kabla haijajaa. Mama alimwambia mkubwa awe na subira, asimnunie mumewe. Wakacheka kidogo. Kisha mama akakohoa.

"Na wewe, kitinda mimba wangu..."

Sauti ikaishia hapo. Fundi akarudisha nyuma, akasikiliza tena, na tena.

"Nisamehe, mdogo wangu," dada yake akasema. "Mimi langu nimelisikia."