Nukta Karibu na Mnara

Rafiki yangu mpima ardhi alirudi kazini siku ya tatu baada ya kumzika mkewe, moyo umekufa ganzi. Alisimika kipokezi cha setilaiti, kile kinachorekodi nukta za mahali kilipo, karibu na mnara wa redio.

"Mawimbi ya mnara yatakuvuruga, bosi," dereva wake alimwambia. "Nukta zitatawanyika kama mtama wa kuku."

"Ziache zitawanyike."

Kipokezi kikalia tit, tit, saa nzima.

Jioni umeme ulikatika. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akafungua kompyuta mpakato gizani, akatazama nukta za kipokezi kwenye ramani. Nukta hazikutawanyika. Ya kwanza ilikuwa makaburini, mita mbili chini ya ardhi. Zilizofuata zilipanda juu, zikaachana hatua moja moja kuelekea nyumbani kwake. Ya mwisho ilikuwa kitandani, upande wa ukutani, alikokuwa akilala mkewe.